Safari ya Uluru, watu saba kwenye Tarago moja: tutoke Ijumaa usiku?

Mpendwa Mshauri,

Salamu kutoka Salisbury, kaskazini mwa Adelaide. Mama mkwe wangu amekuja kututembelea kutoka Kigoma, na shemeji yangu naye kafika kutoka Bujumbura. Likizo ya shule ya Julai tunataka kuwapeleka Uluru, lile jiwe jekundu, kwa gari letu. Ni Toyota Tarago ya viti vinane (kule nyumbani tunaiita Estima), ya petroli, tanki lita 65, imeshatembea kilomita 210,000.

Mume wangu amepewa likizo ya siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Anasema tutoke Ijumaa ya kabla yake saa 12 jioni akitoka kazini, yeye na mdogo wake wapokezane usukani usiku kucha, Jumamosi jioni tuwe Uluru. Nikimwambia naogopa, ananijibu mabasi ya kwetu hayalali. Wakati wa kurudi wanataka kupita njia ya vumbi ya Oodnadatta, shemeji kaiona kwenye ramani na kaipenda. Na kwa kuwa huko ni nyikani, mume wangu anataka kubeba madumu manne ya petroli ya lita 20, yakae nyuma ya viti vya mwisho.

Tuko sisi wawili, mama, shemeji, na watoto watatu: wa miaka 12, wa 6, na wa miezi 18. Mama ana sukari, anajidunga insulini, na presha inampanda. Mikate ya kutwa nzima hawezi, lazima tupike. Tubebe maji kiasi gani? Na hawa watoto wameshaapa kwamba watalipanda jiwe.

Mama Neema, Salisbury

* * *

Mama Neema,

Kwenye mpango wa mumeo kuna jambo moja la kukataliwa kabisa, nalo ni usiku. Njia ya vumbi ikataliwe kwa gari hili. Madumu tutayapigia hesabu. Na zile siku tano, mkizihesabu vizuri, ni tisa.

Barabara ya Stuart, inayotoka Port Augusta kwenda Darwin, haina mashimo ya kutisha wala kona kali. Yote ni lami tangu 1987. Hatari yake ni wanyama, na wanyama wanaitaka saa ileile anayoitaka mumeo. Kangaruu hulala vichakani mchana. Jua likizama hutoka kula, na majani mabichi kuliko yote yako ukingoni mwa lami, kwa sababu maji ya mvua hutiririka toka barabarani yakaishia pale. Sehemu nyingi mashamba ya ng'ombe hayana uzio, na usiku wa baridi ng'ombe hupenda kulala juu ya lami iliyohifadhi joto la mchana. Kuna na ngamia mwitu, wazao wa wale walioletwa karne ya 19 kubeba mizigo. Ngamia ana miguu mirefu: gari linamfagia miguu, kiwiliwili kinaingia kwenye kioo cha mbele.

Mpigie mumeo hesabu hii. Mwendo wa kilomita 110 kwa saa ni mita 30 kila sekunde. Dereva aliye macho hutumia kama sekunde moja na nusu kuona na kukanyaga breki, mita 45 zimekwenda. Lami ikiwa kavu na tairi nzuri, kusimama kunataka mita 70 hivi nyingine. Jumla mita 115, na hilo ni gari jepesi. Taa za chini humulika kama nusu ya umbali huo. Taa kubwa zinasaidia, lakini kila lori likitokea mbele unazishusha, na lori likishapita macho yanabaki hayaoni kwa sekunde kadhaa. Juu ya hayo, huyo ni dereva aliyefanya kazi kutwa. Kuhusu mabasi ya kwetu: Tanzania yenyewe ilizuia mabasi ya abiria kutembea usiku kwa miaka mingi, na sababu haikuwa simba.

Mchana nao wanyama wapo, ila mnawaona mapema. Mmoja akikatiza, dereva akanyage breki kwa nguvu zote, usukani ashike umenyooka, apige honi. Asimkwepe. Gari refu lenye watu saba na mzigo juu likikatwa ghafla hupinduka, na kupinduka kunaua watu wengi kuliko kumgonga kangaruu. Mkiona tai amekaa juu ya mzoga barabarani, punguzeni mwendo mapema: ni ndege mzito, huruka polepole, na akiwa ameshiba huweza kuruka kuelekea kioo chenu.

Kwa hiyo saa zenu za barabarani ni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, basi. Julai jua la Adelaide huchomoza baada ya saa 1 na robo na kuzama kabla ya saa 11 na nusu. Uluru jua huzama muda mfupi baada ya saa 12. Ndani ya saa hizo nane toeni mbili za kusimama, maana mtoto wa miezi 18 na mama mwenye presha hawawezi kukaa zaidi ya saa mbili bila kushuka na kutembea. Zinabaki saa sita, nazo ni kilomita 500 hadi 600 kwa siku. Kutoka Adelaide hadi Uluru ni karibu kilomita 1,590. Hapo mnaona wenyewe kwamba Jumamosi jioni haiwezekani kwa njia ya halali.

Sasa zile siku tisa. Likizo ni Jumatatu hadi Ijumaa, lakini ina Jumamosi na Jumapili kila upande. Jumamosi ya kwanza nendeni hadi Woomera: kilomita 310 hadi Port Augusta, 175 hadi Pimba, na 7 za pembeni. Woomera ni kituo cha kurushia roketi tangu miaka ya 1940, na roketi za zamani zimesimamishwa hadharani, watoto watazizunguka mpaka wachoke. (Sehemu kubwa ya ardhi ya huko ni eneo la majaribio ya kijeshi, kwa hiyo msiiache barabara kuu kutalii vichakani.) Jumapili ni fupi kwa makusudi, kilomita 373 hadi Coober Pedy, na njiani kuna ziwa la chumvi la Hart, jeupe kama shuka. Coober Pedy watu huchimba opali, jiwe la thamani, tangu 1915 na wengi huishi chini ya ardhi, ambako joto halibadiliki sana kiangazi wala kipupwe. Laleni humo chini, ni burudani tosha. Lakini kandokando ya mji kuna mashimo ya migodi maelfu kwa maelfu yasiyo na uzio, na vibao vya onyo vinakataza hata kutembea kinyumenyume ukipiga picha. Mtoto wa miaka 6 ashikwe mkono, asiambiwe tu.

Jumatatu Coober Pedy hadi Erldunda, kilomita 488 kupitia Marla na Kulgera. Jumanne kilomita 245 hadi Yulara, mji mdogo uliojengwa kwa ajili ya wageni wa Uluru. Mnafika kabla ya mchana na jioni mnaliangalia jiwe likibadilika rangi. Jumatano na Alhamisi ni za Uluru na Kata Tjuta, vilima vya mawe vya jirani. Ijumaa mnarudi hadi Marla, kilomita 500. Jumamosi Marla hadi Woomera ni kama 605, ndiyo siku ndefu kuliko zote, mtoke saa 2 asubuhi kamili. Jumapili nyumbani. Malazi ya Yulara yakatieni nafasi sasa, hata kabla hamjamaliza kubishana mambo mengine, kwa sababu Julai hujaa na hakuna mji mwingine karibu wa kukimbilia. Mkikuta pamejaa, msilazimishe. Geuzeni safari iwe milima ya Flinders: Wilpena Pound iko kama kilomita 430 kutoka Adelaide, lami mpaka mlangoni, na nyekundu ya mawe yake haina aibu.

Njia ya Oodnadatta ina kilomita 620 hivi za changarawe na vumbi kati ya Marree na Marla. Inafuata njia ya reli ya zamani ya Ghan, na shemeji yako hajakosea, ina historia nzito. Ila Tarago iko chini. Changarawe zenye mawimbi hulegeza kila skrubu, mawe makali hupasua ubavu wa tairi za gari la mjini, na tangi la mafuta na sampu ya oili ziko karibu na ardhi. Mvua ikinyesha, hata ndogo, njia hufungwa, na kupita njia iliyofungwa ni kosa lenye faini. Angalieni pia bima yenu, hata kama ni bima kubwa: soma sehemu ya barabara zisizo na lami. Kama shemeji anaitaka sana, aende siku nyingine na watu wenye gari la juu na tairi mbili za akiba.

Petroli. Pengo refu kuliko yote kwenye njia yenu ni Glendambo hadi Coober Pedy, kilomita 253. Gari lenu likiwa limejaa, kiyoyozi kinafanya kazi na upepo unapiga usoni, lisomeni kama linakula lita 13 kwa kilomita 100, hata kama mjini linasema 10. Hilo pengo linataka lita 33, nusu ya tanki. Hata mkikuta pampu ya Glendambo haifanyi kazi, kutoka Pimba moja kwa moja hadi Coober Pedy ni lita 48, na tanki lenu ni 65. Kwa hiyo sharti ni moja: kila rodihausi, yaani kituo cha mafuta chenye mgahawa na vyoo, jazeni mpaka juu, hata kama mshale uko robo tatu. Mkifanya hivyo hamhitaji hata dumu moja.

Na madumu manne ndani ya gari ni hatari kuliko kuishiwa mafuta. Lita 80 za petroli ni kama kilo 60, zimekaa nyuma ya viti vya mwisho, yaani palepale gari linapogongwa kwa nyuma. Dumu likipata joto hujaa mvuke, mvuke hutoroka kwenye kifuniko, na chumba cha Tarago ni kimoja na watoto wamo humohumo wakiuvuta.

Bajeti ya mafuta, pamoja na mizunguko ya ndani ya hifadhi, ni kilomita 3,400 hivi. Kwa lita 12 za wastani ni lita 408. Pigeni kwa dola 2.50 kwa lita, kwa sababu ndani huko ni ghali, mtenge dola 1,020. Eneo la kati mtakuta pampu nyingi zimeandikwa Opal. Msishtuke: ni petroli ya daraja la 91 iliyopunguzwa kemikali zinazolevya, iliyoletwa ili vijana wa vijijini wasiinuse. Gari linalotumia petroli ya kawaida ya 91 huitumia bila tatizo. Bebeni na fedha taslimu kidogo, maana mtandao ukikatika mashine ya kadi hukatika nao.

Maji ni lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa siku. Watu saba ni lita 35. Bebeni za siku mbili, 70, ndizo akiba ya kukaa palepale mkiharibikiwa. Ziwe kwenye madumu ya lita 10, saba, si pipa moja, kwa sababu dumu moja likipasuka mnabaki na sita. Yakae sakafuni nyuma ya viti vya mbele, chini kabisa. Maji juu ya paa huyumbisha gari.

Ndiyo maana mizigo ipimwe kabla. Mlangoni mwa dereva kuna kibandiko cha upepo wa tairi, na kitabu cha gari kinataja uzito ambao gari lililojaa halitakiwi kuupita. Ninyi saba peke yenu mnakaribia kilo 370. Ongeza maji 70, mabegi saba ya kilo 10, jiko, vyakula, mahema kama mtapiga kambi, na tayari mmefika kilo 600. Sanduku la juu libebe magodoro na nguo tu, na msipite uzito ulioandikwa kwenye reli za paa.

Tairi zisomeni ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ikiwa 2317, ni wiki ya 23 ya 2017. Tairi hiyo hata ikiwa na meno bado, mpira umeshakauka, isiende. Upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, mjaze kwa kipimo cha gari lenye mzigo kamili. Kisha angalieni spea. Kama ni ile nyembamba yenye maandishi ya 80, maana yake hamruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye pengo la Glendambo hiyo ni safari ya saa tatu na zaidi. Nunueni rimu na tairi kamili kwa wauza magari chakavu. Jaribuni kuifungua nati kwa spana yenu mkiwa bado nyumbani, maana nati iliyokazwa na mashine ya gereji mara nyingi haitoki kwa mkono. Bebeni kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, udongo wa huko ni laini.

Gari la kilomita 210,000 linataka fundi aangalie mkanda wa injini, mipira ya rejeta, betri na breki, wiki mbili kabla, si siku mbili, ili kikionekana kitu kuwe na muda wa kubadilisha kisha mkatembea nacho kidogo. Njiani, kila asubuhi kabla ya kuwasha, oili na maji ya rejeta viangaliwe. Bebeni lita moja ya oili ya namba ileile, lita mbili za maji ya rejeta, na fyuzi. Betri iliyochoka hufa asubuhi ya baridi, na Yulara Julai usiku hushuka hadi karibu nyuzi sifuri.

Kuna malori ya tela tatu, mengine yana urefu wa mita 53.5, kuliko mabasi manne yaliyopangana. Lori likienda 100 na ninyi 110, kulipita pamoja na nafasi ya mbele na nyuma kunachukua karibu sekunde 50, yaani kilomita moja na nusu, na gari linalokuja mbele nalo linakuwa limekula kilomita moja na nusu. Kwa hiyo mnahitaji kilomita tatu zilizo wazi mbele ya macho. South Australia kikomo ni 110. Mkivuka mpaka kuingia Northern Territory kuna vipande vinavyoruhusu 130, lakini kwa mzigo wenu bakini hapohapo 110, maana mafuta na tairi vinalipa kila kilomita ya ziada. Kama hakuna haraka, kaeni nyuma, rodihausi inayofuata atasimama. Lori likija mbele, shikeni usukani kwa mikono miwili: kwanza upepo unawasukuma, kisha unawavuta.

Shemeji. Burundi huendeshwa kulia, Australia kushoto. Katikati ya barabara ndefu hatakosea. Atakosea anapotoka kituo cha mafuta au maegesho baada ya kupumzika, hakuna gari lingine la kumkumbusha, na mkono unafuata mazoea. Basi aendeshe kipande cha katikati ya siku tu, na aliyekaa pembeni yake aseme "kushoto" kwa sauti kila wanapoingia barabarani. Leseni yake kama si ya Kiingereza inataka tafsiri inayotambulika, na bima yenu lazima imjue kama dereva.

Watoto: wa miezi 18 kwenye kiti chake chenye mikanda ya ndani, wa miaka 6 kwenye kiti cha mikanda au cha kuinua, na viti viwe vya kiwango cha Australia, AS/NZS 1754. Kiti alichokuja nacho mgeni kutoka ng'ambo hakikubaliki kisheria hata kiwe kizuri vipi. Mkanda wa juu wa kiti ufungwe kwenye ndoano yake. Wengi huuacha unaning'inia. Mama akae safu ya katikati karibu na mlango, asibanwe nyuma kabisa.

Simu haitashika sehemu kubwa ya njia. Mtandao wa Telstra ndio unaoenea zaidi, na hata huo ni kuzunguka miji na rodihausi. Kodini au nunueni kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti, PLB, na mkisajili. Redio ya mkononi ya UHF ya wati 5 itawapa chaneli 40, ambayo madereva wa malori husikiliza. Dharura ni 000. Uanachama wa msaada wa barabarani uwe wa daraja la juu, mkasome ni kilomita ngapi watavuta gari, kwa sababu daraja la chini litawaishia kabla ya gereji. Na mkiharibikiwa, bakini na gari. Fungueni boneti, kaeni kivulini mwa gari, mngoje. Gari huonekana kutoka angani. Mtu anayetembea haonekani.

Insulini ya mama. Watu wote huogopa joto, na wana haki kiangazi, lakini Julai adui ni baridi. Insulini ikiganda imekufa hata ikiyeyuka tena, na kwa macho inaweza kuonekana ya kawaida. Kwa hiyo akiba isigusane na barafu kwenye kuluboksi: ifungeni kwenye taulo ndani ya kopo la plastiki, kopo liwe juu, barafu chini. Usiku isilale garini, iingie ndani pamoja naye. Kalamu anayotumia akae nayo kwenye mkoba wake. Dawa zake zote ziwe za siku 14, zigawanywe mifuko miwili. Atembee na biskuti na juisi mkononi, siyo kwenye buti, na mipimo ya sukari iwe kila mnaposimama. Muulize daktari wake kabla. Kwa kuwa ni mgeni, Medicare, bima ya afya ya serikali, haimhusu, na ambulensi hulipiwa: bima ya afya ya msafiri isomwe kama inagharimia kusafirishwa kwa ndege. Coober Pedy ina hospitali, Yulara ina kliniki.

Chakula mtapika, hakuna shida. Maharage yachemshwe nyumbani, yagandishwe kwenye vyombo vya nusu kilo. Ndiyo barafu yenu ya siku mbili za kwanza. Lile jiko dogo la gesi la kopo refu lina butani, na butani ikikaribia sifuri haigeuki mvuke, kwa hiyo asubuhi ya Yulara mtawasha mkaona moto wa mshumaa. Laleni na kopo ndani, msiliache garini, au chukueni jiko la mtungi wa propani. Ugali usongwe kwenye jiko la pamoja la kambi, ambalo moto wake una nguvu. Kamwe msipike ndani ya hema. Usiku viatu na vyakula viingie ndani, dingo, yaani mbwa mwitu wa huko, huviiba.

Kupanda jiwe hakupo tena. Kulifungwa 26 Oktoba 2019, na mnyororo wa kushikilia ukang'olewa. Waanangu, wenye ardhi hiyo waliyorudishiwa 26 Oktoba 1985, walikuwa wameomba watu wasipande kwa miaka mingi. Waambieni watoto sasa, kabla ya kilomita 1,590, msije mkalia pale chini. Mzunguko wa chini ni kama kilomita 10, saa tatu na nusu. Wa miaka 12 na shemeji wanauweza. Mama aende njia ya Kuniya hadi bwawa la Mutitjulu, kilomita moja kwenda na kurudi, bapa, hata kiti cha magurudumu kinapita, na michoro ya mwambani iko humo. Kuna sehemu zimewekewa vibao vya kutopiga picha, zinaheshimiwa. Tiketi ni dola 38 kwa mtu mzima kwa siku tatu, watoto bure. Ninyi wakubwa wanne ni 152, na siku tatu ni Jumanne, Jumatano, Alhamisi, hakuna inayopotea.

Matunda yaleni yaishe kabla ya kurudi South Australia, kwa ajili ya nzi wa matunda. Machungwa ya Yulara mkivuka nayo mnatozwa faini.

Na ile Ijumaa saa 12 jioni, mumeo asikose la kufanya. Tairi zipoe, apime upepo wa zote tano, ajaze madumu saba ya maji, afunge sanduku la juu. Mdogo wake achemshe maharage. Wewe weka saa iamshe saa 12 asubuhi.